Inter Miami Ingeshika Nafasi ya Ngapi Uingereza? Jibu kwa Msomaji wa Kigoma

Msomaji wetu wa Kigoma ameuliza swali refu ambalo kwa ufupi lina sehemu tatu. Anasema kwamba tangu Lionel Messi ahamie Inter Miami mwaka 2023, na hasa baada ya Son Heung-min kuondoka Tottenham kwenda LAFC ya Los Angeles mwaka 2025, kijiwe chao kimegawanyika: wapo wanaoamini kwamba ligi ya Marekani, MLS, sasa inaikaribia Ligi Kuu ya Uingereza, na wapo wanaoiona kuwa ni mahali pa wachezaji kwenda kumalizia mpira wao. Anataka kujua timu bora ya Marekani ingeshika nafasi ya ngapi ikiingizwa katika ligi ya Uingereza, kwa nini Wamarekani hawana utaratibu wa kushuka daraja, na kama kijana wa kwetu mwenye kipaji ana njia nyepesi zaidi katika mojawapo ya ligi hizo mbili.

Nitatoa jibu la sehemu ya kwanza mapema ili lisipotee ndani ya maelezo. Kwa maoni yangu, timu bora ya MLS, ikicheza msimu mzima wa mechi 38 Uingereza kwa kikosi ilicho nacho leo na kwa kanuni za mishahara zinazoibana leo, ingeshuka daraja. Katika daraja la pili la Uingereza, Championship, ingekuwa timu ya heshima, na katika mwaka mzuri ingewania kupanda. Hayo ni maoni, kwa sababu hakuna mashindano yanayozikutanisha ligi hizi mbili mara kwa mara. Lakini yana msingi wake, na msingi huo haumhusu Messi wala Son. Unamhusu mchezaji wa 15 katika kikosi, yule ambaye wengi wetu hatujui jina lake. Ukitaka kupima ligi, mtazame huyo, kisha tazama kinachoipata klabu inapofanya vibaya.

Ushahidi wa karibu tulio nao ni mechi ya tarehe 16 Juni 2025 mjini Atlanta, katika Kombe la Dunia la Klabu, pale LAFC ilipokutana na Chelsea iliyokuwa imemaliza ya nne Uingereza. Chelsea ilishinda 2-0 kwa mabao ya Pedro Neto na Enzo Fernández. Anayesoma matokeo pekee atasema pengo si kubwa, na kwa kweli LAFC haikuaibika. Lakini ilikuwa ikicheza nchini mwake, katikati ya msimu wake, dhidi ya timu iliyokuwa imetoka kumaliza msimu mrefu. Zaidi ya hapo, nawaomba wanaobishana kijiweni waangalie mabenchi. Kutoka benchi la Chelsea aliingia Liam Delap, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akiichezea klabu hiyo mechi yake ya kwanza, naye ndiye aliyetoa krosi ya bao la pili. Kutoka benchi la LAFC aliingia Olivier Giroud, mshambuliaji wa zamani wa Chelsea hiyo hiyo, akiwa na miaka 38. Siku chache baadaye LAFC ilifungwa 1-0 na Espérance ya Tunisia, klabu ambayo mashabiki wa Simba na Yanga wanaijua vizuri kutokana na mashindano ya Afrika, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Flamengo. Inter Miami ya Messi ilifanya vizuri zaidi, kwani iliifunga Porto 2-1 na kuvuka hatua ya makundi. Lakini ilipokutana na PSG ilifungwa mabao manne, yote katika kipindi cha kwanza. PSG hiyo ndiyo Chelsea iliyoichapa 3-0 katika fainali.

Sasa tuje kwenye sababu. MLS ina kikomo cha mishahara, na mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 5.95 kwa wachezaji wa kikosi cha wakubwa wasiozidi 20, huku mchezaji mmoja akihesabiwa ndani ya kikomo kwa kiasi kisichozidi dola 743,750. Kama kanuni ingeishia hapo, Messi asingekanyaga Miami. Ndiyo maana mwaka 2007, ili LA Galaxy iweze kumsajili David Beckham, ligi ilianzisha kanuni inayoruhusu kila klabu kuwa na wachezaji wachache, leo hadi watatu, ambao malipo yao yanayozidi kile kiwango cha juu hayahesabiwi ndani ya kikomo. Hao mmiliki anaweza kuwalipa anavyotaka. Kwa hesabu ambazo chama cha wachezaji huzichapisha kila mwaka, mwaka 2025 Messi alihakikishiwa kiasi cha dola milioni 20.4, fedha zilizozidi mishahara ya kikosi kizima cha timu nyingi alizocheza nazo. Katika ligi hiyo hiyo, kima cha chini kwa mchezaji wa kikosi cha wakubwa mwaka 2025 kilikuwa dola 104,000 kwa mwaka. Zipo kanuni nyingine za kulegeza kikomo, kama fedha za mgao zinazotolewa na ligi na nafasi maalumu za vijana wasiozidi miaka 22 wanaposajiliwa, lakini hazibadilishi sura ya jumla: juu kabisa kuna watu watatu, chini yao kuna bonde, na mchezaji wa 15 yuko ndani ya bonde hilo.

Uingereza hakuna bonde la namna hiyo. Manchester City katika msimu wa 2023/24 ililipa zaidi ya pauni milioni 400 kwa mishahara ya wafanyakazi wake wote, wachezaji wakiwa ndio sehemu kubwa. Lakini tusiifanye City kuwa kipimo, kwa sababu ni tajiri kupita kiasi hata kwa vipimo vya Uingereza. Tuichukue timu ya mwisho. Klabu inayoshika nafasi ya 20 katika Ligi Kuu ya Uingereza hupokea zaidi ya pauni milioni 100 kutokana na mgao wa ligi, ambao kwa sehemu kubwa sana ni fedha za televisheni. MLS ilisaini na kampuni ya Apple mkataba ambao awali ulikuwa wa miaka 10 kuanzia mwaka 2023, uliokuwa na thamani isiyopungua dola bilioni 2.5, yaani dola milioni 250 kwa mwaka. Ukizigawa sawasawa kwa timu 30 unapata takriban dola milioni 8 kwa kila timu. Kwa hiyo timu mbovu kuliko zote Uingereza, inayofungwa kila wiki na kuzomewa na mashabiki wake yenyewe, inapokea mara nyingi zaidi ya kile ambacho bingwa wa Marekani anaweza kukitarajia kutoka katika mkataba mkubwa wa matangazo ya ligi yake. Fedha hizo ndizo zinazomnunua mchezaji wa 15. Beki wa akiba wa timu inayopigania kutoshuka daraja Uingereza mara nyingi ni mchezaji wa timu ya taifa lake.

Tofauti hiyo inaonekana uwanjani kwa namna moja ambayo mashabiki wengi huifurahia bila kuijua asili yake. Kwa kuwa klabu za MLS zinaruhusiwa watu watatu tu wa gharama kubwa, karibu zote huwaweka mbele: mshambuliaji wa kati, winga, kiungo mchezeshaji. Mara chache utaona nafasi hizo zikitumika kwa beki. Matokeo yake ni kwamba washambuliaji wa bei kubwa hukabiliana wiki baada ya wiki na mabeki wa bei ndogo, na mechi huwa wazi, zenye nafasi kubwa nyuma ya viungo, mashambulizi ya kushtukiza ya huku na huku, na mabao mazuri. Mechi hizo zinapendeza kutazama, nami huzitazama kwa furaha. Lakini mabao yale si kipimo kizuri cha ubora. Son, katika msimu wake wa mwisho Tottenham, alifunga mabao 7 katika mechi 30 za ligi, na watu wakasema miguu imechoka. Alipofika LAFC mwezi Agosti alifunga mabao 9 katika mechi 10 za msimu wa kawaida. Haiwezekani mtu wa miaka 33 awe amerudi ujana ndani ya kiangazi kimoja. Kilichobadilika ni muda anaopewa kuugeuza mwili baada ya kupokea mpira, na sekunde ile moja ya ziada inatosha kabisa kwa mchezaji wa daraja lake.

Afrika Mashariki tuna mtu wetu aliyecheza kote kuwili, naye ni Victor Wanyama wa Kenya. Aliingia Southampton mwaka 2013 akitokea Celtic na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kisha akahamia Tottenham mwaka 2016, na katika msimu wake wa kwanza huko alikuwa nguzo ya kiungo cha timu iliyomaliza ya pili kwa pointi 86. Majeraha yalipomwandama na nafasi yake ikachukuliwa na wengine, mwezi Machi 2020 alikwenda Montreal, mojawapo ya klabu tatu za Kanada zinazocheza MLS, iliyokuwa ikifundishwa na Thierry Henry. Huko alianza karibu kila mechi akiwa mzima, na akawa mmoja wa wale wachache wanaolipwa nje ya kikomo. Ninaona katika safari yake maelezo ya haki kwa ligi zote mbili: mtu aliyekuwa hapati nafasi katika kikosi cha Tottenham alikuwa nguzo Montreal, lakini hakwenda kupumzika, kwani alicheza misimu kadhaa ya mechi ngumu katika ligi ambayo timu ya Montreal husafiri zaidi ya kilomita 3,500 kwenda kucheza Vancouver, ilhali Uingereza safari ya London hadi Newcastle, ambayo wao huiita ndefu, ni ya saa chache kwa treni. Joto la Texas na Florida mwezi Julai, na nyasi bandia za viwanja kama vya Seattle na Portland, ni mzigo mwingine ambao mchezaji wa Uingereza haujui. Anayeiita MLS nyumba ya wazee hajafikiria mambo hayo.

Kuna jambo moja ambalo Marekani inaishinda Uingereza waziwazi, na wapenzi wa Uingereza wanapaswa kulikubali. Katika misimu 11 kuanzia 2015 hadi 2025, Kombe la MLS lilibebwa na klabu tisa tofauti: Portland, Seattle, Toronto, Atlanta, Columbus, New York City, LAFC, LA Galaxy na Inter Miami. Katika misimu 11 ya Uingereza kuanzia 2014/15 hadi 2024/25 mabingwa walikuwa klabu nne tu, nazo ni Chelsea, Leicester, Manchester City na Liverpool, huku City ikilichukua taji mara sita. Shabiki wa Columbus huanza msimu akiwa na haki ya kuota ubingwa. Shabiki wa Crystal Palace, hata katika mwaka wake mzuri, huota kombe la mtoano. Sehemu ya usawa huo wa Marekani inatokana na mfumo wa mchujo wa mwisho wa msimu, yaani mechi za mtoano zinazoamua bingwa baada ya msimu wa kawaida, ambao kwangu una kasoro kubwa: mwaka 2024 Inter Miami ilimaliza msimu wa kawaida kwa rekodi ya pointi 74 na kutwaa Ngao ya Mashabiki, tuzo ya timu yenye pointi nyingi zaidi katika msimu wa kawaida, kisha ikatolewa katika raundi ya kwanza ya mchujo na Atlanta United iliyokuwa na pointi 40. Hata hivyo, sehemu kubwa ya usawa hutokana na kikomo cha mishahara chenyewe.

Mfano wa LA Galaxy unaonyesha kikomo hicho kinavyofanya kazi, na unatupeleka moja kwa moja kwenye swali la kushuka daraja. Galaxy ilitwaa ubingwa mwezi Desemba 2024 kwa kuifunga New York Red Bulls 2-1. Mmoja wa wafungaji wa fainali hiyo, Dejan Joveljić, hakuanza msimu uliofuata na timu hiyo. Hesabu za kikomo zilikuwa hazitoshi tena, akauzwa Sporting Kansas City kwa dola milioni 4. Kiungo Mark Delgado alikwenda kwa mahasimu wao LAFC, na Gastón Brugman akaenda Nashville. Riqui Puig, kiungo mchezeshaji na moyo wa timu, alikuwa ameumia goti vibaya kabla ya fainali. Bingwa huyo akaanza msimu wa 2025 kwa kucheza mechi 16 bila ushindi hata mmoja, akifungwa 12 na kutoka sare 4. Kocha Greg Vanney alibaki kazini. Klabu haikuwa na wasiwasi wa kupoteza chochote isipokuwa mwaka wenyewe.

Linganisha na Leicester. Ilitwaa ubingwa wa Uingereza mwezi Mei 2016 kwa pointi 81, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na kocha Claudio Ranieri akawa kipenzi cha dunia. Tarehe 23 Februari 2017, miezi tisa baadaye, alifukuzwa kazi kwa sababu timu ilikuwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka daraja. Watu wengi walilaani uamuzi ule na kuuita ukosefu wa shukrani. Mimi nauelewa, kwa sababu kushuka daraja Uingereza ni kupoteza makumi ya mamilioni ya pauni kwa siku moja, kuuza wachezaji, na pengine kupunguza wafanyakazi wa ofisini na wapishi wa uwanja wa mazoezi ambao hawajawahi kupiga mpira. Leicester ilinusurika mwaka ule, lakini hatimaye ilishuka mwaka 2023, ikapanda, ikashuka tena mwaka 2025. Luton Town ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya safari ya ajabu kutoka daraja la tano, ikashuka mwaka 2024, na mwaka 2025 ikashuka tena hadi daraja la tatu. Klabu zinazoshuka kutoka Ligi Kuu hupewa fedha za kupunguza makali kwa hadi miaka mitatu, na bado maumivu ni makubwa kiasi hicho. Bury, klabu ya tangu karne ya 19, ilifukuzwa kabisa katika ligi mwaka 2019 kwa sababu ya matatizo ya fedha. Hofu hiyo ndiyo inayoufanya mchezo wa mwezi Aprili kati ya timu ya 17 na ya 18 kuwa mkali kuliko mechi nyingi za ubingwa, na ndiyo inayomlazimisha kila mchezaji, hata wa akiba, kukimbia kama anafukuzwa.

Kwa nini basi Wamarekani hawaweki kitu hicho? Lazima tuanze na jinsi ligi yao ilivyozaliwa. Waliwahi kuwa na ligi nyingine, NASL, iliyoanza mwaka 1968. Klabu ya New York Cosmos ilimleta Pelé mwaka 1975 na Franz Beckenbauer mwaka 1977, viwanja vikajaa, na klabu nyingine zikajaribu kuifuata kwa kutumia fedha ambazo hazikuwa nazo. Baada ya msimu wa 1984 ligi hiyo ilikufa. Marekani ilipopewa Kombe la Dunia la 1994, ilitakiwa kuahidi kuanzisha ligi ya kulipwa, na MLS ikaanza mwaka 1996 ikiwa na timu 10. Waanzilishi wake walikuwa bado wanaukumbuka msiba wa NASL, hivyo waliiunda kama kampuni moja: mchezaji anaajiriwa na ligi, si na klabu, na mwenye timu ni mwekezaji ndani ya kampuni hiyo anayepewa haki ya kuendesha timu moja. Wachezaji walikwenda mahakamani kupinga mfumo huo, wakidai kwamba unazuia ushindani wa kuwaajiri, na wakashindwa. Rufaa yao iliamuliwa mwaka 2002. Hata kwa tahadhari yote hiyo, klabu mbili za Florida zilifungwa baada ya msimu wa 2001, na kulikuwa na wakati ambapo tajiri mmoja, Philip Anschutz, aliendesha zaidi ya nusu ya timu za ligi nzima. Uingereza jambo hilo lisingeruhusiwa hata kwa timu mbili. Marekani ndilo lililoiokoa ligi.

Tofauti yote iko katika hisa. Ligi Kuu ya Uingereza nayo ni kampuni, na kila klabu kati ya 20 ina hisa moja. Lakini klabu inaposhuka daraja huirudisha hisa hiyo, nayo hupewa klabu inayopanda. Hisa ile huazimwa kwa jasho la msimu. Marekani hisa hununuliwa, na bei yake imepanda kwa kasi ya kushangaza: Toronto iliyoanza kucheza mwaka 2007 ililipa dola milioni 10, Charlotte iliyoanza mwaka 2022 ililipa dola milioni 325, na San Diego iliyoanza mwaka 2025 ililipa dola milioni 500. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipa nusu bilioni ya dola kwa kitu ambacho anaweza kukipoteza kwa kufungwa mechi kumi mfululizo. Kwa hiyo wanaosema Wamarekani hawajui mpira ndiyo maana hawashuki daraja wanakosea. Wanajua vizuri sana, na wameuza uhakika wa kutoshuka kama sehemu ya bidhaa. Klabu mbili za madaraja ya chini ziliwahi kupeleka malalamiko katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Uswisi zikitaka Marekani ilazimishwe kuweka utaratibu wa kupanda na kushuka, zikashindwa mwaka 2020. Mabadiliko yanaanzia pembeni: mwezi Machi 2025 klabu za USL, mfumo mwingine wa ligi za kulipwa ulio nje ya MLS, zilipiga kura ya kukubali kupanda na kushuka daraja baina yao. Nawatakia mafanikio ya dhati, ingawa milango ya MLS yenyewe itabaki imefungwa.

Mashabiki wa Uingereza wanaujua mfumo huo wa milango iliyofungwa kuliko wanavyodhani, kwa sababu ulifika mlangoni mwao. Familia ya Glazer ya Marekani iliichukua Manchester United mwaka 2005, kampuni ya Fenway ya huko huko ikainunua Liverpool mwaka 2010, na Stan Kroenke, Mmarekani mwenye Arsenal, anamiliki pia Colorado Rapids ya MLS. Tarehe 18 Aprili 2021 klabu sita za Uingereza, zikiwemo hizo tatu, zilitangaza kujiunga na ligi mpya ya Ulaya ambayo waanzilishi wake wasingeshuka kamwe. Mashabiki waliingia barabarani, nje ya uwanja wa Chelsea na baadaye nje ya Emirates, uwanja wa Arsenal, na ndani ya siku tatu klabu zote sita zilikuwa zimejitoa. Mmiliki yule yule anayeona ni jambo la kawaida kwamba Rapids haiwezi kushuka alikuta kwamba London wazo hilo haliuziki kwa bei yoyote. Nilifurahi sana kuona mashabiki wakishinda, na sioni sababu ya kuficha furaha hiyo, kwa sababu kilichotetewa siku zile ni haki ya Luton kufika juu.

Sehemu ya tatu ya swali, kuhusu kijana wa kwetu, ndiyo yenye jibu la matumaini zaidi, na kwa msomaji wa Kigoma jibu hilo lina jina. Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alifika Aston Villa mwezi Januari 2020 baada ya kupita TP Mazembe ya Lubumbashi na Genk ya Ubelgiji, akafunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga tena katika fainali ya Kombe la Ligi waliyofungwa 2-1 na Manchester City. Ilimchukua miaka mingi kuufikia mlango ule, na baada yake mlango umebadilika. Tangu mwaka 2021, baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, mchezaji wa kigeni anahitaji pointi 15 zinazohesabiwa kwa mechi zake za timu ya taifa, nafasi ya taifa lake katika orodha ya FIFA, ubora wa ligi anayotoka na dakika alizocheza. Klabu zina nafasi chache za kusajili wasiofikisha pointi hizo, na huzitumia zaidi kwa vijana ambao majina yao tayari yanajulikana. Kijana anayecheza Tanzania, taifa ambalo kwa muda mrefu limekuwa nje ya mia bora, hana budi kupita kwanza Ubelgiji, Ureno, Uholanzi au ligi nyingine ya kati.

Marekani hesabu ni nyingine. Kila klabu hupewa kwa kawaida nafasi nane za wachezaji wa kigeni, na klabu zinaweza kuuziana nafasi hizo. Aliye na ukaazi wa kudumu, au aliyepokelewa nchini kama mkimbizi, hahesabiwi kabisa kuwa mgeni. Bernard Kamungo alizaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, katika familia ya Kikongomani iliyokimbia vita, akakulia katika kambi ya Nyarugusu. Familia yake ilihamishiwa Abilene, Texas, mwaka 2016. Akacheza mpira wa shule, kisha akajitokeza katika majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, na akachukuliwa. Mwezi Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi katika mechi ya mtoano iliyoisha 4-4 na kuamuliwa kwa penalti, na mwezi Januari 2024 aliichezea timu ya taifa ya Marekani. Njia yake ilianzia kwenye ukimbizi, si kwenye usajili, na haiwezi kupangwa na wakala yeyote. Anayemwambia kijana wa Kigoma kwamba atamfikisha MLS kwa ada fulani anamdanganya.

Kwa asiye na bahati ya namna ile, ninachoweza kumshauri ni hiki. Kijana aliyemaliza kidato cha sita, mwenye Kiingereza cha kutosha na matokeo mazuri ya darasani, anaweza kuomba udhamini wa masomo katika chuo kikuu cha Marekani chenye timu ya mpira, kwa sababu MLS bado huchagua baadhi ya wachezaji wake kutoka vyuoni kila mwaka. Lawrence Olum wa Kenya alianzia chuoni Marekani, akapita madaraja ya chini, na mwaka 2013 alikuwa katika kikosi cha Sporting Kansas City kilichotwaa Kombe la MLS. Udhamini huo unampa shahada pia, ambayo klabu haiwezi kumnyang'anya akiumia goti. Kijana ambaye hana njia ya darasani aendelee kutafuta dakika za kucheza hapa nyumbani, na akipata ofa ya Ubelgiji aikubali kabla ya ofa ya kukaa benchi mahali penye jina kubwa zaidi.